Bloku Ikikatishwa Njiani: Maswali ya Wasomaji Kuhusu PLC

Barua tulizochagua safari hii zinatoka kwa mafundi wa mitambo tofauti inayoendeshwa na PLC (kompyuta ndogo za viwandani), lakini zinagusa jambo moja: bloku ya programu inaanzia wapi, inaishia wapi, na nini kinabaki nyuma yake ikishaachwa. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu kosa lililomo ndani yake linaweza kumuumiza mtu. Kwa asiyezoea mistari ya Siemens: I ni njia ya kuingiza, Q ni ya kutoa, M ni kumbukumbu; FC na FB ni bloku za programu, DB ni bloku ya data, na OB ni bloku inayoitwa na CPU yenyewe (OB 1 ndiyo ya kila mzunguko). A ni "na", AN ni "na si", O ni "au", = inaandika jibu, S inaweka 1, R inaweka 0, L inachukua thamani na T inaipeleka.

SWALI: Habari za kazi. Kwenye laini yetu ya chupa tuna S7-300 ya Siemens, na FC 12 ndiyo inayoendesha konveya. Nimeweka BEC mwanzoni ili swichi ya I 0.4 ikigeuzwa kwenda hali ya mkono, bloku iishie hapo na konveya isimame. Cha ajabu, nikigeuza swichi mota inaendelea kuzunguka mpaka niweke CPU kwenye STOP. Kontakta nimeshabadilisha, tatizo ni lile lile. Mistari yangu ni hii:

A I 0.4
BEC
A I 0.5
A M 10.1
= Q 4.2

Fundi umeme, Morogoro

JIBU: Kontakta ya zamani ilikuwa nzima, irudishe stoo. Mota inazunguka kwa sababu hakuna mstari wowote ulioiambia isimame.

BEC inaangalia RLO, yaani jibu la mantiki lililopatikana mpaka mstari ule. Ikiwa 1, CPU inaiacha bloku na kurudi kwenye bloku iliyoiita, kwenye mstari unaofuata ule wa kuita. Mistari iliyo chini ya BEC haisomwi kabisa katika mzunguko huo, na haisomwi katika mizunguko yote inayofuata mpaka swichi irudi kwenye otomatiki. Mmojawapo wa mistari hiyo ni = Q 4.2.

Sasa kumbuka Q 4.2 inaishi wapi. CPU haiandiki moja kwa moja kwenye kadi ya kutoa. Inaandika kwenye nakala iliyo katika kumbukumbu yake, na mwanzoni mwa kila mzunguko nakala yote inapelekwa kwenye kadi. Kama Q 4.2 ilikuwa 1 wakati unageuza swichi, nakala ina 1. Hakuna aliyeandika 0, kwa hiyo 1 ile ile inapelekwa kwenye kadi tena na tena. Bloku isiyosomwa haizimi vitu vyake, inaviacha vilivyokuwa. Wengi wanaotoka kwenye saketi za relei huwa wanadhani kinyume, kwa sababu kwenye relei ukikata waya wa kulisha, koili inaachia. Programu haina waya wa kulisha.

Q 4.2 ndiyo uliyoiona kwa macho, lakini kuna vingine vinavyoganda pamoja nayo. Kama ndani ya FC 12 una FP M 20.0 ya kuhesabu chupa kwenye sensa ya mwanga, angalia kitakachotokea. FP inalinganisha hali ya sasa na ile iliyohifadhiwa kwenye M 20.0 mara ya mwisho iliposomwa. Tuseme M 20.0 ilibaki 0, na wakati mko kwenye mkono chupa ikasogea ikasimama mbele ya sensa. Ukirudisha otomatiki, FP inakuta 1 sasa na 0 zamani, inatangaza chupa mpya ingawa haijapita chupa yoyote muda huo. Kinyume chake pia kipo: M 20.0 ilibaki 1, chupa ile ikaondolewa, nyingine ikakaa mahali pake, na FP haioni mabadiliko yoyote. Hesabu ya katoni inapotea kwa chupa moja, na kama FP hiyo ndiyo inayosukuma silinda ya hewa, silinda inatoka wakati mkono wa mtu uko karibu. Taima za aina ya S5 ndizo zinazoshangaza zaidi: ikishaanzishwa, taima inaendelea kuhesabu chini hata bloku isiposomwa, kwa sababu mfumo wa CPU ndio unaoipunguza. Ukirudi unakuta muda umeshakwisha.

Marekebisho madogo kabisa ni kuzima kabla ya kutoka:

A I 0.4
R Q 4.2
R M 10.1
BEC

R haibadilishi RLO, kwa hiyo unaweza kupanga R kadhaa mfululizo na BEC ikapata jibu lile lile la I 0.4. Tumeweka M 10.1 kwa makusudi. Ikiwa hiyo ndiyo kumbukumbu ya kitufe cha kuanzishia, isipofutwa konveya itaondoka yenyewe pale swichi inaporudi kwenye otomatiki, bila mtu kubonyeza chochote. Ifute, ili opareta alazimike kubonyeza upya.

Marekebisho hayo yana udhaifu mmoja. Bila shaka una bloku nyingine, tuseme FC 13, inayoendesha konveya hiyo hiyo kwa vitufe vya mkono. Hapo bloku mbili zinaandika Q 4.2, na atakayeandika mwisho ndiye anayesikilizwa. OB 1 ikiita FC 12 kwanza halafu FC 13, mambo yatakwenda. Mtu akija kubadilisha mpangilio huo miaka miwili baadaye, vitufe vya mkono vitakufa na hakuna atakayeelewa kwa nini.

Kwa hiyo tunakushauri upange hivi. FC 12 isiguse Q 4.2, iandike M 30.0 tu, maana yake "otomatiki inataka konveya". FC 13 iandike M 30.1, "mkono unataka konveya". Kisha FC 20, inayoitwa kila mzunguko bila sharti lolote na baada ya hizo mbili, iwe ndiyo pekee yenye ruhusa ya kuandika Q 4.2:

A(
A M 30.0
AN I 0.4
O
A M 30.1
A I 0.4
)
A I 1.0
= Q 4.2

I 1.0 hapa ni kontakti ya relei ya joto ya mota, ile inayokuwa imefungwa mota ikiwa salama. Sasa hata FC 12 ikikatwa na BEC ikaacha M 30.0 kwenye 1, AN I 0.4 inaizuia. Na siku ya kutafuta hitilafu, fundi anafungua bloku moja tu kujua kwa nini konveya inazunguka au haizunguki. Kufuta M 10.1 kabla ya BEC kubaki pale pale ndani ya FC 12.

Jambo la mwisho kwako, na usiliahirishe: kitufe cha dharura kisitegemee mistari hii hata kidogo. Kikate umeme wa kontakta kupitia relei ya usalama, kwa waya. PLC ipewe taarifa tu kupitia kontakti ya ziada, ili ifute kumbukumbu zake za kuanzia.

SWALI: Mwalimu wetu alitutajia BE, BEU na BEC, lakini hakufika mbali. Zinatofautiana wapi, na kwa nini nikiandika mistari baada ya BEU haifanyi kazi? Mwanafunzi wa ufundi, Mombasa

JIBU: BE ndiyo mwisho wa bloku, hakuna kinachoandikwa baada yake. BEU inatoka bila kuuliza RLO, ila inaweza kukaa katikati ya bloku. BEC inatoka RLO ikiwa 1 tu.

BEU ina maana pale panapokuwa na njia mbili ndani ya bloku moja:

A I 0.0
JC PILI
L 100
T MW 50
BEU
PILI: L 200
T MW 50
BE

I 0.0 ikiwa 0, kazi ya kwanza inafanyika na BEU inaondoka. Ikiwa 1, JC inairuka BEU na kutua kwenye lebo. Mistari yako haifanyi kazi kwa sababu uliiandika baada ya BEU bila lebo ya kuiingilia. Hakuna njia ya kuifikia.

Kuhusu BEC kuna mtego ambao vitabu huutaja kwa mstari mmoja. RLO ikiwa 0 BEC haitoki, bali inaigeuza RLO kuwa 1 na kuendelea. Ukiandika A I 0.4, BEC, halafu = Q 4.5 moja kwa moja, Q 4.5 itawaka kila mara bloku inapofika hapo. Baada ya BEC anza mantiki mpya kwa A au O.

Mtego wa pili ni vigezo vya kutoa vya FC. FC haina kumbukumbu yake yenyewe. Ikitoka mapema kabla ya kuandika kigezo cha OUT, aliyeiita anaweza kupokea thamani ya ovyo iliyokuwa imebaki kwenye kumbukumbu ya muda. Kosa hili halionekani siku ya kwanza. Linakuja siku bloku nyingine inapobadilishwa na kuacha takataka tofauti mahali pale. Andika thamani za kuanzia kwenye OUT zote juu kabisa ya FC, ndipo BEC ifuate. Vivyo hivyo kwa TEMP (kumbukumbu ya muda ya bloku): usiisome kabla hujaiandika katika mzunguko huo huo.

Kwenye mchoro wa ngazi kazi ya kutoka hufanywa na koili ya RET, na kwenye SCL (lugha nyingine ya Siemens) ni neno RETURN. Tuliyosema kuhusu vitu kuganda yanazihusu zote.

SWALI: Nimeandika FC kwa STL (lugha ya mistari kama ile ya hapo juu) na nimeiweka kwenye kidato cha ngazi. Nyuma yake, kwenye ENO (njia yake ya kupitisha ruhusa), nimeunganisha FC nyingine. FC ya kwanza inafanya kazi vizuri lakini ya pili haiitwi kabisa. Hakuna taa ya hitilafu. Fundi wa zamu, Nairobi

JIBU: ENO inachukua thamani ya biti inayoitwa BR wakati bloku inapoisha. Ukiandika kwa ngazi, mhariri wa programu anakushughulikia BR. Ukiandika kwa STL, kazi hiyo ni yako. Usipoigusa, BR inaweza kuwa 0, ENO inakuwa 0, na kila kilichoungwa nyuma yake kinanyimwa ruhusa. CPU haioni kosa, ndiyo maana taa ya SF haiwaki.

Mwisho wa FC yako weka:

SET
SAVE
BE

SET inafanya RLO kuwa 1, SAVE inaihamishia kwenye BR. Kama una njia ya kutoka mapema na unataka nayo ihesabiwe kuwa imekwenda sawa, andika A I 0.4, SAVE, BEC. Na ukitaka FC iseme "nimeshindwa", tumia CLR badala ya SET, halafu SAVE. Weka SAVE karibu kabisa na mlango wa kutokea. Ukiihifadhi mapema kisha ukaita bloku nyingine katikati, bloku hiyo inaweza kuibadilisha BR kabla hujaondoka.

SWALI: Tulikuwa tunaongeza bloku mpya FC 31 wakati mtambo unafanya kazi. Tulipopakia OB 1 tu, CPU ikaingia STOP na laini yote ikasimama. Mwenzangu anasema tuweke OB 121 tupu tutaepukana na hilo. Ni sahihi? Wasomaji wawili, Mwanza

JIBU: Mlipakia OB 1 inayomwita mtu ambaye hajafika. CPU ilikutana na amri ya kuita FC 31, ikaitafuta, haikuiona. Hilo ni kosa la programu, na S7-300 ikipata kosa la namna hiyo inaiita OB 121. OB 121 isipokuwepo, inasimama.

Kupakia kuwe kuanzia ndani kwenda nje. DB kwanza, kisha bloku zisizoita nyingine, kisha zinazoziita hizo, na OB 1 iwe ya mwisho kabisa. Mkifuta, nenda kinyume: ondoeni kwanza mstari wa kuita katika OB 1, pakieni, ndipo mfute bloku. Kama mmebadilisha vigezo vya FB, DB zake zote za kumbukumbu lazima zitengenezwe upya na zipakiwe pamoja nayo, na thamani zilizokuwamo zitarudi za mwanzo. Kwa FB hakuna ujanja wa kufanya hivyo mtambo ukiwa na mzigo, ombeni muda wa kusimamisha.

OB 121 tupu hatuishauri. Ni kweli CPU haitasimama, lakini itaendelea kuendesha mtambo huku sehemu ya programu haifanyi kazi, na hatujui sehemu hiyo ilikuwa inalinda nini. Kama ipo sababu ya kweli ya kuwa nayo, basi ndani yake muweke amri ya kuwasha king'ora na kupeleka mtambo kwenye hali salama.

CPU ikisimama tena, msikimbilie kuizima na kuiwasha. Fungueni STEP 7, bonyezeni Ctrl+D, ingieni kwenye ukurasa wa Diagnostic Buffer. Ingizo la juu ndilo la mwisho kutokea. Linataja aina ya kosa, namba ya bloku na anwani ya mstari, na kitufe cha Open Block kinawapeleka hapo hapo.

SWALI: Umeme ukikatika na kurudi, mtambo wetu wa kuchanganya unaanzia katikati ya hatua, vali zinafunguka zenyewe. Kuna mtu kaniambia nitumie OB 100. Inaitwaje, na niweke nini ndani? Dodoma

JIBU: OB 100 haiitwi na mtu. CPU yenyewe inaisoma mara moja tu kila inapotoka STOP kwenda RUN au umeme unaporudi, kabla ya mzunguko wa kwanza wa OB 1. Ukiipakia inatosha.

Chanzo cha tatizo lako ni kumbukumbu isiyofutika. Kwenye S7-300 ambayo mipangilio haijaguswa, MB 0 hadi MB 15 zinabaki na thamani zake hata umeme ukikatika. Namba za hatua zikihifadhiwa humo, mtambo unaamka ukiwa unaamini uko hatua ya 5, wakati tangi limeshatulia na opareta ameshamwaga nusu. Una njia mbili. Unaweza kuhamishia hatua nje ya eneo hilo, zianze na 0. Au unaziacha, na OB 100 ndiyo inayoamua:

L 0
T MW 10
SET
R M 12.0
S M 12.7

Tuseme MW 10 ni namba ya hatua, M 12.0 ni kibali cha kwenda, na M 12.7 ni ujumbe "umeme ulikatika, kagua tangi" kwenye skrini, unaofutwa kwa kitufe tu. Kwa mtambo wa kuchanganya tungependelea hii ya pili, lakini kabla ya kufuta MW 10 inakili kwenye neno jingine, ili opareta aone ilikuwa hatua gani.

Usisome I ndani ya OB 100. Nakala ya njia za kuingiza bado haijajazwa, utapata 0 ambayo si kweli. Ikibidi kusoma, soma kadi moja kwa moja kwa PIB au PIW. Kikomo cha muda wa mzunguko, ambacho kwa kawaida ni milisekunde 150, hakihesabiwi ndani ya OB 100, kwa hiyo kujaza DB kubwa kwa kitanzi ni sawa hapo, ingawa si sawa kwenye OB 1.

Msomaji mwenye mashine nyingine atapata kazi hiyo hiyo kwenye biti ya mzunguko wa kwanza: M8002 kwa Mitsubishi FX, SM0.1 kwa S7-200, A200.11 kwa Omron CJ, S:FS kwa Logix ya Allen-Bradley.

SWALI: Nina FX3U ya Mitsubishi. Nimeongeza subrutini P10, na sasa taa ya ERROR inamweka na PLC haikubali RUN. Subrutini nimeiweka juu, kabla ya programu kuu, kama nilivyozoea kwenye C. Thika

JIBU: Kwenye FX subrutini hukaa chini. Programu kuu inaishia kwenye FEND, subrutini zinafuata, na END inafunga yote:

LD X001
CALL P10
(programu kuu inaendelea)
FEND
P10
LD M8000
OUT Y003
SRET
END

Ukiiweka juu, CPU inaikuta SRET bila kuwa imeitwa na yeyote, inakataa. Taa ikimweka ni kosa la programu. Ikiwaka mfululizo ni CPU, mara nyingi muda wa mzunguko kupita kikomo. Kikomo hicho kiko kwenye D8000 na huanza na 200, yaani milisekunde 200. Angalia M8065 na M8066 kujua aina ya kosa, na D8069 kupata namba ya hatua lilipo.

Ukishaipanga vizuri, utakutana na ugonjwa wa yule ndugu wa Morogoro: X001 ikizima, P10 haiitwi, na Y003 inabaki ilivyokuwa. Ongeza kwenye programu kuu LDI X001 ikifuatiwa na RST Y003. Taima nazo chagua kwa uangalifu. Ndani ya subrutini inayoitwa kwa masharti tumia T192 hadi T199, ndizo zilizotengwa kwa kazi hiyo. Taima za kawaida hazihesabu sawasawa humo. CALL ndani ya CALL mwisho ngazi tano. Na kama programu yako ina hatua za STL (amri ya hatua ya Mitsubishi, si ile lugha ya Siemens), usisahau RET baada ya hatua ya mwisho, maana bila hiyo vidato vyote vinavyofuata vinahesabiwa kuwa sehemu ya hatua ile.

SWALI: Kwenye programu ya Omron CJ niliyoirithi kuna BPRG na BEND. Naweza kuweka OUT ya kawaida ndani yake? Kila nikijaribu inakataliwa. Arusha

JIBU: Haiwezekani, na kukataliwa huko kuna sababu. BPRG(096) inafungua bloku kwa namba, kuanzia 0 hadi 127, na kila namba inatumika mara moja tu. BEND(801) inaifunga. Sharti lililo mbele ya BPRG likiwa 0, kila kilicho kati yao kinarukwa na hakitumii muda wa mzunguko. OUT imeumbwa kuandika 1 au 0 kila mzunguko, hivyo ndani ya eneo linalorukwa ingewadanganya wasomaji wa programu. Humo ndani tumia SET na RSET. Kwa muda tumia TIMW(813), kwa kusubiri sharti tumia WAIT(805), na kwa maamuzi IF(802), ELSE(803) na IEND(804).

WAIT inahitaji uangalifu. Sharti lake lisipotimia, bloku inaachwa hapo, na mzunguko unaofuata inaendelea kutoka hapo hapo, haianzii juu. Kwa hiyo mstari wa usalama ulioandikwa juu ya WAIT hausomwi tena wakati bloku inasubiri. Masharti ya kusimamisha mtambo yatoe nje ya BPRG, kwenye ngazi ya kawaida, pamoja na RSET za vyote vinavyowashwa humo.

SWALI: Tumehamisha programu kutoka SLC 500 kwenda CompactLogix, zote za Allen-Bradley. Subrutini ya hitilafu ina TND (amri ya kukatisha usomaji wa programu), na zamani ilisimamisha kila kilichofuata. Sasa vidato vilivyo chini ya JSR (amri ya kuita subrutini) vinaendelea kufanya kazi. Tanga

JIBU: Jina la amri ni lile lile, kazi imebadilika. Kwenye SLC 500, TND popote ilipo inamaliza mzunguko mzima: CPU inahudumia njia za kuingiza na kutoa, kisha inaanza tena kidato 0 cha programu kuu. Kwenye Logix, TND ndani ya subrutini inarudi tu kwa aliyeita, kama RET. Ikiwa kwenye rutini kuu ndipo inamaliza programu hiyo, na hata hapo programu nyingine za kazi ile zinaendelea.

Ndani ya subrutini ya hitilafu ondoa TND, weka OTE (koili) ya tagi moja, yaani biti yenye jina, tuseme Simamisha. Subrutini hiyo iitwe kila mzunguko, JSR yake isiwe na sharti, la sivyo Simamisha yenyewe itaganda. Kisha kwenye rutini kuu, chini ya JSR hiyo, weka kidato chenye XIC Simamisha (inapita tagi ikiwa 1) na TND, mkitaka kufuata mwendo wa zamani. Ila tungewasihi mwende mbele zaidi: wekeni XIO Simamisha (inapita tagi ikiwa 0) kwenye kila kidato kinachoandika njia ya kutoa, halafu TND muiondoe kabisa. Kwenye SLC nako TND iliacha vilivyo chini yake vimeganda vilivyokuwa, wala haikuvizima. Kagueni kama kuna mota au vali iliyokuwa ikibaki imewaka wakati wa hitilafu bila mtu kuiona.

Mkiwa humo, piteni pia kwenye orodha ya rutini na mhakikishe kila moja ina JSR inayoiita. Rutini isiyoitwa haisimamishi kidhibiti, haisomwi tu. Na kama JSR inapeleka vigezo, SBR (amri inayopokea vigezo hivyo) iwe amri ya kwanza ya kidato cha kwanza cha subrutini. JSR ikipeleka vigezo vichache kuliko vinavyotarajiwa na SBR, kidhibiti kinasimama kwa hitilafu kubwa ya aina ya 4, namba 31.